Mjusi wa Mwanetu na Kucha Zake

Je, mama, ungefanya nini kama mwanao angeingia sebuleni amebeba mjusi begani, mrefu kuanzia kiwiko chako hadi ncha za vidole, mwenye miiba shingoni na ubavuni, akakuambia, "Mama, huyu sasa ni wetu"?

Hilo lilitupata sisi miaka minne iliyopita huku Minnesota, Marekani, tunakofanya kazi ya uuguzi. Jirani mmoja alikuwa anahama. Watoto wake walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa, na mjusi wao hakuwa na pa kwenda. Mwanetu wa pili, aliyekuwa na miaka tisa wakati huo, alimbembeleza baba yake siku tatu mfululizo. Sisi tulikataa. Baba watoto akalegea. Jioni ya siku ya tatu sanduku kubwa la kioo lililetwa na wanaume wawili, likawekwa pale ilipokuwa kabati yetu ya vyombo, na hadi leo vyombo vile viko kwenye maboksi chini ya ngazi.

Tunajua akina mama wenzetu mlio nyumbani mnasoma haya huku mkitikisa kichwa. Lakini wengi wenu mna watoto au wadogo zenu walioko Marekani, Uingereza au Ujerumani, na wengine mtapanda ndege kwenda kumlea mzazi na kumwogesha mjukuu. Msije mkashtuka mkikuta mnyama huyu ndani. Na kama wewe mwenyewe unaishi huku na mwanao amekwisha kukushinda kama sisi tulivyoshindwa, basi haya yatakusaidia, maana jambo lililotusumbua zaidi kwa mjusi huyu halikuwa chakula wala joto. Lilikuwa kucha.

NI MNYAMA GANI HUYU?

Jina lake la Kiingereza lina maana ya joka lenye ndevu. Hana ndevu za nywele. Ngozi ya chini ya kidevu ina miiba laini, na akiogopa au akikasirika huivimbisha na kuigeuza nyeusi. Asili yake ni maeneo makavu ya ndani ya Australia. Nchi hiyo ilizuia biashara ya kusafirisha wanyama wake wa porini tangu miaka ya 1960, kwa hiyo wale wanaouzwa huku walizaliwa mikononi mwa wafugaji. Akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka kumi au zaidi. Yaani mtoto anaweza kumpokea akiwa shule ya msingi na kumwachia mama yake atakapokwenda chuo kikuu. Hilo mzazi alifikirie kabla ya kusema ndiyo.

Tena si mgeni kabisa kwetu. Ni wa ukoo mmoja na wale mijusi wa Mwanza wenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, wanaoota jua juu ya mawe na kutikisa vichwa kama wanakubaliana na jambo. Huyu wetu naye hutikisa kichwa. Wakati mwingine huinua mkono mmoja na kuupunga polepole, kana kwamba anaaga. Watoto hufurahi sana, ingawa wanaowajua wanyama hawa hutuambia kwamba kupunga huko ni namna ya kunyenyekea mbele ya mkubwa.

KUCHA ZINAREFUKA KWA SABABU GANI?

Kila mguu una vidole vitano, na kila kidole kina ukucha. Hizo ni kucha ishirini, nyembamba, zilizopinda kidogo, zenye ncha kali kama mwiba wa mchongoma. Zimetengenezwa kwa kitu kilekile kinachotengeneza kucha zetu na pembe za ng'ombe. Porini mjusi huyu hupanda miti na nguzo za ua, hukimbia juu ya mawe, hufukua udongo. Kucha hulika zenyewe. Ndani ya sanduku la kioo lililotandikwa karatasi hakuna kitu cha kuzila, nazo hazikomi kukua.

Ukucha ukizidi urefu huanza kukisukuma kidole upande, mjusi akatembea kama mtu aliyevaa viatu visivyo vyake. Hunasa kwenye vitanzi vya zulia au taulo. Mjusi akishtuka na kuvuta, ukucha wote huweza kung'oka, na ukiumia hadi kwenye mzizi huenda usiote tena. Halafu kuna mikono ya mtoto. Mwanetu alikuwa akienda shule na mistari myekundu tangu viganjani hadi viwikoni, mpaka mwalimu wake akatupigia simu kwa upole kuuliza kama nyumbani mambo ni salama. Ninyi mnaoishi huku mnaijua simu ya namna hiyo. Tulieleza, tukapeleka na picha ya mjusi, kisha jioni hiyohiyo tukaamua kwamba kucha zitakatwa.

TULIVYOKOSEA

Tulikuwa tumetoka zamu ya usiku. Taa ya sebuleni ni hafifu. Tulichukua kikata kucha cha watoto, tukamshika mjusi mapajani, tukakata ukucha wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tumekata vitovu vya watoto wangapi bila mkono kutetemeka? Tukajiona mafundi. Ukucha wa nne tukaukata kati.

Damu ikatoka. Si nyingi kwa kipimo cha binadamu, lakini mnyama wenyewe hafiki hata nusu kilo. Ndevu zikageuka nyeusi kama makaa, akafumbua kinywa, akavuta mguu kwa nguvu ambayo hatukuitarajia. Mwanetu akaanza kulia. "Mama, si wewe ni muuguzi?" Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kwa kuwa alikuwa akiamini kabisa kwamba mikono hii haikosei.

Kosa letu lilikuwa hili. Ndani ya ukucha wa mjusi kuna nyama hai, yenye mshipa wa damu na neva, kama ilivyo kwa mbwa na paka. Nyama hiyo hufika mbali kuelekea ncha, na ukucha ukiachwa muda mrefu nayo hujongea mbele. Kinachoruhusiwa kukatwa ni ile ncha tu iliyopinda kama ndoano, milimita moja au chini ya hapo. Sisi tulikata kama tunavyokata kucha za binadamu.

Siku ile tuliizuia damu kwa unga laini wa wanga wa mahindi, ule wa kuitia supu uzito. Tulichovya kidole kwenye unga, tukakandamiza taratibu kwa pamba dakika tano bila kufunua kuchungulia. Hapo ndipo wengi hukosea, hata kwa watoto wao wanaotoka damu puani, maana kila ukifunua unaondoa kile kilichoanza kuganda. Maduka ya wanyama huuza unga maalumu wa kuzuia damu, nao hufanya kazi haraka zaidi. Baadaye tulimweka juu ya karatasi safi badala ya mchanga, na hakuogeshwa siku hiyo. Kama damu ingeendelea kutoka baada ya dakika kumi hivi, ilikuwa kazi ya daktari wa wanyama. Msimpake spiriti, na msimpe vidonge vya maumivu vya binadamu, hata robo. Mwili wake si kama wetu.

NAMNA TUNAVYOFANYA SASA

Sasa tunafanya kazi hii watu wawili, mchana, karibu na dirisha. Kwanza mjusi huwekwa kwenye beseni lenye maji ya vuguvugu, yanayofika mabegani mwake tu, kwa robo saa. Jaribu maji kwa kiwiko kama unavyojaribu ya mtoto mchanga. Maji hulainisha ukucha na pia humtuliza. Msimwache peke yake kwenye maji, hata kwa kwenda kupokea simu.

Kisha mwanetu humlaza juu ya kitambaa laini kisicho na vitanzi, kiganja kimoja kikibeba kifua na tumbo. Mkia hashikwi kamwe. Mjusi wa ukutani nyumbani kwetu hukuachia mkia wake na kuota mwingine, lakini huyu akipoteza mkia ndio basi. Sisi hushika kidole kimoja kwa wakati, bila kukivuta. Kama ukucha ni mweupe, kijitochi kikiwekwa nyuma yake huonyesha nyama ya ndani kama kivuli chembamba. Kama ni mweusi hakuna kitu kitakachoonekana, basi kata kidogo mno, au acha mkasi na utumie tupa ya kucha. Tupa ni ya polepole lakini haimwagi damu, na kwa mama anayeanza tungemshauri aanze nayo. Akikasirika, ndevu zikawa nyeusi, tunaacha. Kucha mbili leo na tatu kesho hazina ubaya wowote. Mjusi mdogo anayekua huhitaji kuangaliwa kila baada ya wiki chache. Mkubwa anaweza kukaa miezi miwili au zaidi, hasa kipindi cha baridi anapolala sana na kula kidogo.

KIDOLE KILICHOPOTEA

Mjusi hujivua ngozi, vipande vipande, si kwa mara moja kama nyoka. Mgongo huvuka wenyewe. Vidole ndivyo vyenye shida. Ngozi kavu huweza kubaki imezunguka kidole kama pete, safu juu ya safu, na inavyokauka hukaza. Muuguzi yeyote aliyewahi kuona uzi au unywele umejifunga kwenye kidole cha mtoto mchanga anajua mwisho wake: damu haifiki, kidole huvimba, hubadilika rangi, hufa.

Tulijua hilo kwa watoto na hatukulifikiria kwa mjusi. Mwaka wa pili mwanetu alisema kidole kimoja cha nyuma "kimekuwa cha kijivu". Tulisema tutaangalia kesho. Kesho ikawa Jumamosi ya msiba wa mwenzetu kanisani, Jumapili ikapita, na Jumanne tulipomshika, ncha ilikuwa nyeusi na kavu kama kipande cha mkaa. Daktari wa wanyama aliondoa sehemu iliyokufa. Bili yake ingenunua mbuzi wawili kule nyumbani. Mwanetu hakulia safari hii, aliuliza tu kama tungengoja hadi Jumanne kama kidole kingekuwa chake.

Tangu hapo, kila anapojivua ngozi tunakagua vidole vyote ishirini kwa mwanga mzuri. Pete ya ngozi ikionekana, tunamloweka maji ya vuguvugu kila siku na kuisugua kwa mswaki laini wa mtoto, kuelekea ncha ya kidole. Hatuibanduwi kwa nguvu, maana chini yake ngozi mpya huwa bado changa. Isipotoka baada ya siku chache, au kidole kikianza kuvimba, tunakwenda kwa daktari bila kungoja.

Kuna uvimbe wa aina nyingine. Vidole vikivimba vyote, au mikono ikitetemeka, au taya ikilegea, tatizo haliko kwenye kucha. Mara nyingi ni mifupa iliyokosa kalsiamu, sawa na matege ya watoto wetu. Mjusi huyu anahitaji taa ya joto, ambayo chini yake hufikia nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na tena taa ya pili inayotoa miale ile ya jua inayosaidia mwili kutengeneza vitamini D. Taa hiyo ya pili huendelea kuwaka hata miale yake inapokuwa imekwisha, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili kulingana na aina yake. Nyenje wake hunyunyiziwa unga wa kalsiamu kabla ya kuliwa. Majani naye anakula. Sukuma wiki anaipenda kutuzidi sisi.

BESENI LA BIBI

Mwaka jana wifi yetu alijifungua kwetu, mtoto wa wiki 35, mdogo lakini mzima. Mama mkwe akaja kutoka Mwanza kumlea mzazi. Alipoliona lile sanduku la kioo alisimama mlangoni na begi lake mkononi. "Mwanangu, huku mnafuga hata hivi?" Usiku wa kwanza aliweka kiti nyuma ya mlango wa chumba chake.

Wiki ya pili tulirudi kazini jioni tukamkuta mwanetu jikoni. Mjusi alikuwa ndani ya sinki, kwenye maji ya vuguvugu, akisuguliwa kucha kwa mswaki kama tulivyomfundisha. Pembeni, chupa mbili za mtoto zilikuwa zimeanikwa vinywa wazi.

"Kwa nini humu?"

"Bibi amechukua beseni."

Tulikwenda bafuni. Beseni la mjusi lilikuwa na nepi za kitambaa zimelowekwa, kwa kuwa mama mkwe hataki kusikia habari ya nepi za kutupa. Hakuna aliyemwambia. Halikuwa na alama yoyote, ni beseni la buluu kama mabeseni yote.

Akina mama, hapa tunaomba mtusikilize kuliko popote. Mjusi mzima, mnene, mchangamfu, hubeba tumboni vijidudu vya salmonela na kuvitoa katika kinyesi, na kutoka hapo huenea kwenye ngozi, kucha, maji ya kuogea na kila anapopita. Yeye haumwi. Anayeumwa ni mtoto. Kati ya 2012 na 2014 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilifuatilia mlipuko uliotokana na mijusi hawa hawa wenye ndevu: zaidi ya watu 130 katika majimbo mengi waliugua, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa miaka mitano au chini. Mlipuko mwingine uliohusishwa nao ulitangazwa mwaka 2024. Kwa mtu mzima mara nyingi ni kuhara na homa za siku chache. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu na kufika hata kwenye ubongo.

Chupa tulizitupa. Nepi zilichemshwa, sinki na beseni vikasafishwa kwa sabuni kisha dawa ya kupausha, ile ambayo nyumbani wengi huiita jiki. Mama mkwe hatukumgombeza, wala mwanetu, maana kosa lilikuwa la yule mwenye diploma ya uuguzi katika nyumba hiyo. Wifi tulimweleza kila kitu usiku uleule. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema tumpime mtoto joto kila baada ya saa nne. Tulimpima wiki nzima, hata usiku. Homa haikuja.

Siku hizi beseni la mjusi ni jekundu, limeandikwa kwa wino usiofutika, linakaa gereji. Maji yake humwagwa chooni. Mkasi, tupa na mswaki wake vina kopo lao. Anayemshika hunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hadi viwikoni, kabla ya kugusa kitu chochote. Ukikwaruzwa, osha mkwaruzo papo hapo kwa sabuni. Hakuna kumbusu. Na katika nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee aliyevuka miaka 65, au mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua kwa ugonjwa au dawa, ushauri wa wataalamu ni kwamba hao wasimguse kabisa, na kama mjusi bado hajanunuliwa, basi asinunuliwe. Wifi alipokwisha kurudi kwake tulipumua.

JIWE

Kabla ya kuondoka, mama mkwe alikuwa amezoea kukaa mbali kidogo na kutuangalia siku za kukata kucha, sisi tumeinama na kijitochi, mwanetu amekunja uso. Siku moja akasema, "Wale wa kwetu wanashinda juu ya mawe, nani anawakata?"

Tulitazamana. Tulikuwa tumenunua vifaa vya dukani vya kila aina, na chini ya taa ya joto, mahali anaposhinda kutwa, tulikuwa tumemtandikia kitambaa laini. Jumamosi iliyofuata baba watoto alileta bamba la jiwe lisilong'arishwa, lenye mikwaruzo kama ya jiwe la kusagia, tukalisugua kwa maji ya moto na kuliweka pale kwenye joto. Tuliongeza tofali moja la kupandia na gogo kavu lenye magome. Jiwe tulilikalisha imara kwenye sakafu ya sanduku, lisije likamwangukia akifukua. Kwa siku chache hakulikanyaga. Kisha akahamia hapo moja kwa moja.

Bado tunakagua. Kidole cha tano cha nyuma hakigusi jiwe vizuri, na ukucha wake hutaka tupa. Lakini tangu mwezi wa tatu mkasi haujatoka kwenye kopo. Mama mkwe hupiga simu Jumapili baada ya ibada, huuliza habari za watoto kwa majina, za kazi, za baridi, na mwishoni, akiwa amekwisha kuaga, huuliza kama yule wa ndevu bado yuko juu ya jiwe lake.